Unga Usioandikwa

Mwanamume wa Vidunda hanunui unga. Siku hizo ukitaka kumtukana mtu wa milimani bila kumtaja mama yake, ulimwuliza tu, "Wewe si unakula unga wa duka?" na hapo hapo ngumi zilikuwa karibu. Kununua unga maana yake huna shamba, au shamba unalo na mkeo amekushinda. Chumvi nunua, sabuni nunua, kanga nunua, hata sukari ukijiona bwana mkubwa. Lakini unga unatoka nyumbani.

Rafaeli alishuka na jambo hilo kichwani mwaka wa hamsini na tisa, alipoiacha milima akaja kukata mkonge kwenye shamba la Mgiriki, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka Mikumi ukielekea Kilosa. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Nyumbani alimwacha mkewe Ida, binti yao Fausta aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, na shamba la mteremkoni ambalo lilikuwa halimnyimi mtu chakula. Kila mwisho wa mwezi Ida alijitwisha debe la unga, akafunga maharage kwenye pembe ya kanga, akashuka mlima. Usiku wa kwanza alilala Kidodi kwa shangazi yake. Siku ya pili jua likigeuka alikuwa ameshafika kambini, na Rafaeli akimpokea mzigo mbele ya wenzake, taratibu, ili kila mmoja aone.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru, akaja bwana wa serikali na fomu.

Alikuwa kijana, soksi nyeupe mpaka magotini. Alisema serikali yetu sasa inataka kupanga mshahara ambao hakuna mwajiri atakayeruhusiwa kulipa chini yake, na kabla ya kupanga inataka kujua mfanyakazi anatumia nini kwa mwezi. Karani wa shamba, Theodory, akamtolea meza barazani. Wakataji wakapanga mstari.

Wa kwanza alikuwa Kornelio, nyapara, naye mtu wa Vidunda.

"Kwa mwezi unanunua unga kiasi gani?" bwana wa fomu akauliza.

"Unga? Mimi?" Kornelio akageuka kuwatazama watu, kana kwamba ameulizwa kama anavaa gauni. "Andika hakuna."

"Sifuri."

"Sifuri hiyo hiyo. Iandike kubwa."

Mstari mzima ukacheka. Akafuata mwingine, sifuri. Mwingine, sifuri. Mpaka akafika Lupakisyo, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya kengele, akasema, "Mimi nanunua. Ratili hamsini. Na dagaa, na mafuta, na nyanya. Andika vyote bwana, usinionee haya."

"Mla duka!" mtu akapiga kelele.

"Mtafutieni mke huyo!"

"Mke ninaye, yuko Tukuyu," Lupakisyo akasema bila kugeuka. "Akinibebea unga kichwani kutoka kule, siku anafika atakuta mmeshanizika."

Zamu ya Rafaeli ilipofika, Ida alikuwa ndiyo kwanza anaingia kambini. Alitua debe ukutani, akakaa juu ya jiwe akipangusa vumbi la miguu. Rafaeli alimwona. Akapandisha sauti.

"Sinunui unga. Sinunui maharage. Karanga sinunui, mboga sinunui."

Bwana wa fomu akamtazama. "Basi wewe unaishi kwa hewa."

"Naishi kama mtu mwenye kwake."

Ida aliinamisha uso, akatabasamu peke yake. Ilikuwa sifa, na sifa kwa mwanamke wa mlimani haikuwa kitu cha kila mwezi.

Mchana huo, Ida akimimina unga kwenye pipa dogo la chumbani, Rafaeli akamwambia, "Mama Fausta, umemwona yule bwana? Uhuru huo unafanya kazi. Mshahara mpya ukitoka, debe hili ndilo la mwisho. Utashuka na mtoto, mkae hapa. Utatua."

"Nitatua?"

"Utatua kabisa. Hakuna kubeba, hakuna kulima. Tutaishi kwa kazi yangu."

Ida akagonga kitako cha debe unga wote utoke. Hakuwa mwanamke wa kudandia maneno. "Haya," akasema mwishowe. "Siku nikisikia mshahara umepanda na unatutosha, nitakuja na mkeka wangu."

Akalala siku moja, akarudi mlimani na debe tupu.

Mshahara ulipanda kweli. Mwaka uliofuata Theodory alibandika karatasi ukutani, na wakataji wakajazana kumsikiliza akiisoma, maana wengi wao shule yao iliishia darasa la pili la misheni. Kilikuwa kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukishika. Watu wakapiga vigelegele kama arusini. Lupakisyo akangoja kelele zipungue.

"Karani, hiki kiasi wamekipataje?"

"Wamehesabu mtu mmoja," Theodory akasema. "Anakula nini, anavaa nini. Mtu mmoja, bila mke."

"Na kula wamempa kiasi gani huyo mtu mmoja?"

Theodory akakuna shingo. "Kidogo. Sasa nyie wenyewe si mliulizwa? Hapa tu tulikuwa watu mia na arobaini, na mia na kumi wakasema hawanunui unga. Na mashamba mengine nasikia ni hivyo hivyo. Mtu asiyenunua chakula, hela ya chakula umpe ya nini?"



"Ahsanteni ndugu zangu," Lupakisyo akasema. "Mmenilisha."

Ungedhani watu wangekasirika. Hawakukasirika. Walitazama chini, halafu mmoja akasema mshahara ni mkubwa hata hivyo, na wote wakayashika maneno hayo, wakaendelea kufurahi. Wiki ya pili wakaelewa upande wa pili wa karatasi. Ngwe, yaani kazi ya siku ambayo usipoimaliza siku hiyo haihesabiwi, ilikuwa matita sabini ya majani ya mkonge, kila tita majani thelathini. Sasa ikawa tisini. Na katika kila wakataji watatu, mmoja aliambiwa arudi kwao, kwa sababu shamba haliwezi kulipa wote kiasi kikubwa hivyo. Rafaeli alibaki. Alikuwa na mkono mwepesi.

Alipata ruhusa ya siku nne akapanda Vidunda kumpa Ida habari. Ida alimpa kiti, akampa maji, akauliza, "Debe la mahindi huko chini linauzwaje?"

Akamwambia.

"Na kanga?"

"Jozi moja ni kukata siku mbili. Kama na nusu."

Ida akachukua punje za mahindi, punje moja kwa kila shilingi ya mshahara, akazipanga kwenye ungo: hizi za unga wa watu watatu, hizi za kuni, maana kambini kuni zinanunuliwa, hizi za mboga. Ungo ukaishiwa punje kabla hajafika kwenye nguo.

"Bado," akasema.

"Bado kidogo tu."

"Bado kidogo," Ida akakubali, akazirudisha punje kwenye chungu.

Na hapo ndipo walipokaa, kwenye hiyo bado kidogo, miaka kumi na moja. Likaja Azimio, Mgiriki akaondoka na mbwa wake wawili, nyumba yake ikawa ofisi ya shirika la umma. Watu waliendelea kusema kwa Mgiriki. Barabara ikatiwa lami, malori ya Zambia yakaanza kupita Mikumi yakinguruma mchana kutwa, na wauza chai wa pale wakajifunza kupandisha bei kwa kumtazama dereva usoni. Karatasi ukutani kwa Theodory zilibadilishwa mwaka wa sitini na tisa, zikabadilishwa tena sabini na mbili. Kila karatasi Rafaeli alipanda mlima, kila mara ungo ukatolewa. Jozi ya kanga ikawa siku tatu, ikawa siku tano. Jembe ambalo alikuwa akilinunua bila kufikiri, sasa alilizunguka dukani mara mbili, akatoka.

Na Ida alibeba. Treni ndogo ya Kidatu ilipoanza kupita Kidodi, mara chache alipanda, lakini nauli ilikuwa inakula faida yote ya debe, basi akarudia kutembea. Mwaka wa sabini aliteleza mteremkoni wakati wa masika, debe likaenda huku, yeye kule. Unga aliuzoa wote. Goti halikurudi lilivyokuwa. Rafaeli alimwona siku ile akiingia kambini anachechemea. Aliona, akatazama pembeni, akampokea mzigo taratibu kama siku zote.

"Rafaeli," Lupakisyo alimwambia siku moja wakinoa visu, "shemeji amebeba debe ngapi tangu uje hapa?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Zimeshapita mia na hamsini. Ungekuwa mwajiri wewe, ungekuwa umeshagomewa."

"Huna adabu."

"Sina. Lakini magoti yangu mazima."

Kisha mvua zikagoma. Sabini na tatu haikunyesha vizuri, sabini na nne ikawa mbaya zaidi, na katikati ya ukame huo watu wa milimani wakateremshwa kwenye vijiji vipya. Malori yalikuja, mgambo wakasaidia kubeba vyungu, wengine walisaidia, wengine walivunja. Ida alipewa ekari moja ya nyika ngumu bondeni, na miti minne ya kujengea. Shamba lake la zamani lilibaki juu, mwendo wa saa tatu kupanda, na kwa goti lile lilikuwa kama limehamia nchi nyingine. Mahindi aliyopanda kijijini yalifika kimo cha mtoto anayetambaa, yakakauka. Fausta alikuwa ameshaolewa Ruhembe na mkata miwa, na huko nao walikuwa wanahesabiana vijiko. Mwezi wa kwanza Ida alileta nusu debe. Mwezi uliofuata alileta kibaba cha unga na salamu.

Sasa kambini likatokea jambo ambalo hakuna aliyelisema. Wanaume wa Vidunda walianza kula unga wa duka. Ulikuwa ule wa mahindi ya msaada, wa njano, watu wakauita yanga. Lakini hakuna aliyeonekana dukani. Walimtuma Lupakisyo. Jioni alitoka na mifuko saba, kila mmoja ameuwekea fundo la aina yake, akaipitisha milango ya nyuma kama mtu anayegawa gongo. Mwenye duka akamwuliza kwa heshima ameoa wake wangapi.

"Saba," Lupakisyo akamjibu. "Na wote wana ndevu."

Wa saba alikuwa Rafaeli.

Ndipo fomu ikarudi. Safari hii bwana wa fomu alikuwa mtu mzima, suti ya Kaunda imepauka mabegani, macho ya mtu aliyelala kwenye mabasi. Meza ile ile ya Theodory ikatolewa. Kornelio, kichwa chote mvi sasa, akawa wa kwanza.

"Unga kwa mwezi, kilo ngapi?"

"Sinunui."

Mwingine, sinunui. Mwingine, sinunui. Lupakisyo alikuwa ameegemea nguzo akiwasikiliza wateja wake, hana hata nguvu za kucheka. Rafaeli alipofika mezani alikuwa na nia ya kusema kweli. Aliitafuta kinywani. Lakini nyuma yake walikuwa wamesimama watu wa kwao, waliomwona akipokea debe miaka kumi na mitano, na mdomo ukaenda wenyewe njia uliyoizoea.

"Sinunui unga."

"Shikamoo mzee," sauti ya mwanamke ikasema.

Ilikuwa ya Ida. Alikuwa amesimama pembeni ya baraza na fimbo mkononi, kichwani hana kitu.

"Marahaba mama," bwana wa fomu akasema.

"Huyu ni mume wangu. Umemwandikia nini hapo?"

"Mama, subiri kidogo amalize."

"Nimeshasubiri. Umeandika nini?"

"Nimeandika hanunui unga."

"Ukamwuliza anakula nini?"

"Fomu inauliza anachonunua, mama. Asichonunua haikiulizi."

"Basi nilikuwa nambebea mimi. Kutoka Vidunda. Tangu kabla ya Uhuru." Hakupaza sauti, alikuwa amechoka. "Andika hapo miguu yangu."

"Shemeji," Kornelio akaingilia, "nenda chumbani ukapumzike, haya mambo ya kazi..."

"Kornelio, Hildegarda wako, Mungu amrehemu, huu mwaka wa tatu yuko kaburini. Unga wako analeta nani? Malaika?"

Mtu mmoja akacheka, akagundua yuko peke yake, akaacha. Kornelio akarudi nyuma hatua moja.

Bwana wa fomu akaweka kalamu chini. "Mama yangu, hapa hakuna nafasi ya miguu. Ningekuwa nayo ningeandika. Nimezunguka mashamba tisa, ingejaa."

"Basi andika kwamba ananunua. Mimi nimekuja kumwambia kwamba unga umekwisha. Kijijini hakuna, na mlima siuwezi tena." Akamgeukia Rafaeli. "Au unao mke mwingine anayekubebea? Niambie, nimpe pole."

Watu wote wakamtazama Rafaeli.  Jasho lilimshuka mgongoni kama yuko kwenye mistari ya mkonge saa saba.

"Nanunua," akasema.

"Kilo ngapi?"

"Ishirini na tano. Wa yanga. Ananinunulia Lupakisyo."

Hakuna aliyepiga kelele za mla duka. Kornelio alikohoa, akasogea mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, ile karatasi yangu. Irudie."

Wakajipanga upya.

Karatasi mpya ilitoka hazijapita wiki nyingi. Mshahara ukavuka mia mbili kwa mara ya kwanza tangu shamba lianze. Theodory alisoma na miwani ya kuazima.

"Ni wa mtu mmoja tena?" Rafaeli akauliza.

"Mtu mmoja. Ila safari hii anakula."

Ida alikuja na mkeka. Aliutandika ukutani, akapanga vyungu viwili, akafagia chumba ambacho kwa miaka yote alikifahamu kama mgeni. Siku tatu alilala mchana. Rafaeli akirudi anamkuta amelala, goti limefungwa kitambaa cha maji ya chumvi, naye anavua viatu nje asimwamshe. Siku hizo tatu zilikuwa nzuri. Hata baadaye hakuna aliyezikana.

Siku ya nne ngwe ikapandishwa, matita mia na kumi. Wiki ile ile unga dukani ukatoka senti themanini kwa kilo ukaenda shilingi na robo. Mkaa ukafuata. Hata Sempele, Mmasai aliyeleta maziwa kambini asubuhi, alipunguza kipimo chake.

"Sempele, mbona kibuyu kimesinyaa?" Ida akamwuliza.

"Mshahara umepanda," Sempele akasema. "Ng'ombe naye amesikia."

Rafaeli alikuwa na miaka arobaini. Mkono wake ulikuwa bado mwepesi asubuhi, ila saa sita ukawa mzito, na matita tisini aliyoyazoea si mia na kumi. Siku mbili alishindwa kumaliza, siku mbili zikafutika kana kwamba hakuamka. Siku ya tatu Ida alimfuata shambani na fimbo yake.  Alikaa chini kwenye mstari, goti bovu amelinyoosha mbele, akaanza kuyahesabu majani thelathini thelathini na kuyafunga. Yeye alikata, mkewe alifunga. Saa tisa ngwe ikaisha. Kornelio akapita akihesabu.

"Mia na kumi. Rafaeli." Akaandika. Akamtazama Ida kidogo. "Shemeji."

"Kornelio."

"Nimeagizwa kuhesabu matita," akasema, kama anaomba radhi, akaenda mstari mwingine.

Hawakuwa peke yao. Mistari mingine nayo ilikuwa na wake wameinama, na hakuna jina la hata mmoja kwenye daftari. Mwezi wa kwanza uliisha hivyo, na tarehe ishirini chungu kilikuwa kitupu. Mwezi wa pili, tarehe kumi na nane. Lupakisyo aliwakopesha kilo mbili, naye huyo alikuwa anakula mlo mmoja.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwiba wa mkonge ulimwingia Ida kiganjani, ule wa ncha ya jani, mweusi, ukakatikia ndani. Rafaeli aliacha kukata, akachuchumaa mbele yake, akaufukua kwa ncha ya kisu. Ida alikuwa anatazama milima ya kwao, ilikuwa inaonekana siku hiyo kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu yake.

"Nilikuja kutua, baba Fausta," akasema.

Hakusema kwa lawama. Ingekuwa lawama Rafaeli angejitetea, maneno ya kujitetea alikuwa nayo tele. Alifunga matita yaliyobaki yeye mwenyewe, hayakufika mia. Siku ikafutika. Jioni alikwenda kwa Theodory akaomba jina lake litolewe mwisho wa mwezi.

"Umeugua?"

"Sijaugua."

"Umepata kazi ya miwa?"

"Hapana. Narudi kulima."

Habari ilifika mistari ya mwisho kabla yake. Kesho yake walimpokea kwa maneno.

"Rafaeli! Mshahara mkubwa kuliko wote tuliopata tangu tuzaliwe, wewe ndiyo unaacha?"

"Ulikubali wa Mgiriki, huu wa wananchi unaukataa?"

"Mwacheni, anakwenda kuwa tajiri wa ujamaa."

Rafaeli aliendelea kukata. Angewaambia nini? Kwamba siku za mshahara mdogo alikuwa anashiba? Wangesema amechanganyikiwa, na mwenyewe alikuwa hana uhakika kama hajachanganyikiwa. Lupakisyo tu ndiye hakumtania. Siku ya kuondoka aliwasindikiza mpaka barabarani, amelibeba gunia lao begani. Lilikuwa nusu gunia la yanga, karibu chote kilichobaki kwenye mshahara wa mwisho baada ya kulipa madeni, liwafikishe kwenye mahindi mabichi kama mvua zitakuja.

"Shemeji," akamwambia Ida, "ukivuna unikumbuke. Lakini usibebe. Nitafuata mwenyewe."

Stesheni ya Mikumi walifika mapema. Walikaa chini ya ukuta, gunia katikati yao. Ida akauliza, "Chumvi tutanunua na nini?"

"Nitashuka miezi ya kiangazi. Kibarua hakikosekani."

"Kibarua nacho kina hicho kima cha chini?"

"Hakina."

Ida akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na hana la kupunguza. Ekari ngumu ilikuwa inawangoja, na nyumba ya miti minne. Alisema watajaribu mtama, mtama hauna makuu.

Dirisha la tiketi likafunguliwa. Rafaeli akaweka pesa, akasema watu wawili na mzigo mmoja, Kidodi. Mtu wa ndani akazihesabu, akazirudisha.

"Hazitoshi. Imepanda tangu Jumatatu."

"Imepanda nini?"

"Nauli, mzee. Na wewe ulidhani itabaki peke yake chini?"

Rafaeli alirudi ukutani na zile pesa mkononi. Zilitosha mtu mmoja na mzigo, na kubaki na ya chumvi. Ukilipa ya wawili, chumvi hakuna, na tena haitoshi. Alizishika tu. Alikuwa anatafuta namna ya kusema.

Ida alizitazama, akaelewa bila kuambiwa.

"Mimi nitapanda na gunia," akasema. "Wewe utatembea."

"Mimi?"

"Wewe. Miaka kumi na mitano miguu yako imeipita njia hiyo mara za kuhesabu tu. Ukichoka, lala kwa shangazi, mlango anaujua aliyeugonga."

Rafaeli alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, lakini kilimtoka chenyewe, na Ida naye akashika mdomo. Akamkatia tiketi. Akaanza kutembea kabla ya treni, kando ya reli, maana alijua itachelewa na jua halichelewi.

Ilimkuta mbali, karibu saa nane, koo limemkauka, kisigino cha kushoto kimeshachubuka. Alisogea majanini, akasimama kuitazama ikipita, behewa baada ya behewa, ili ampungie mkono. Behewa la mwisho ndilo alilomwona. Ida alikuwa dirishani, kichwa amekilaza juu ya gunia, mdomo wazi kidogo, amelala. Rafaeli aliushusha mkono. Aliingoja treni ipotee, akafunga kisigino kwa jani, akaendelea.